Andikeni mita za kila kitanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Eastlands, Nairobi, na nikipata wikendi isiyo na zamu hupanda milima na wenzangu. Tulianza kama wengi walivyoanza: Ngong, kisha Kilimambogo, kisha Longonot, halafu mtu akataja Mlima Kenya na hakuna aliyetaka kuonekana mwoga.

Msimu wa safari za Januari umewadia na simu yangu haipumui. Kila kikundi cha WhatsApp kina tangazo, na matangazo yenyewe ni kana kwamba yametoka mkononi mwa mtu mmoja. Upande wa kushoto kuna watu wenye makoti mazito wakishangilia kwenye kilele cha Lenana; upande wa kulia kuna mnazi na maji ya Diani. Katikati ni ratiba: mlima Ijumaa hadi Jumapili, Jumatatu treni, kisha pwani mpaka pesa ziishe. Bei inajumuisha usafiri, chakula, kiingilio na malazi. Lipa nusu kwa M-Pesa, nusu siku ya kuondoka.

Nimesoma matangazo hayo kwa makini ninayosomea faili ya mgonjwa, na yote yameacha mambo mawili ambayo ningetaka kuyajua kabla sijatuma hata shilingi. La kwanza, kila usiku nitalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari? La pili, kati ya mbizi yangu ya mwisho na kuondoka kwangu pwani kuna saa ngapi?

Sina ugomvi na waandalizi wa safari hizi. Wamefanya jambo ambalo serikali na mahoteli makubwa hawakulifanya kwa miaka mingi, yaani kumtoa karani, mwalimu na mwuza nguo wa Gikomba nyumbani kwake na kumpeleka akaone nchi yake kwa bei anayoimudu. Kisoi Munyao alipandisha bendera ya taifa kwenye mlima huu mwaka 1963, usiku wa uhuru, na bado kwa miongo kadhaa ukisema unaenda mlimani majirani walikuuliza umeajiriwa na wazungu gani. Leo ukipita katikati ya jiji alfajiri ya Jumamosi utakuta mabasi yamejaa watu wenye fimbo za kutembelea. Nafurahi. Ndiyo maana nataka warudi wazima.

Tuanze na mlima. Njia inayopendwa na vikundi vya Nairobi ni ya Sirimon, upande wa Nanyuki, kwa sababu mteremko wake ni wa taratibu na haina matope mengi. Lango lake liko kwenye mita 2,650 hivi. Usiku wa kwanza mnalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili mnalala kambi ya Shipton's, mita 4,200. Saa nane usiku mnaamshwa kupanda Lenana, mita 4,985, ili jua liwakute juu na picha zipatikane. Jioni hiyohiyo mko kwenye gari kurudi Nairobi kufua soksi na kupanga mizigo ya pwani.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya kanuni ambayo madaktari wa milimani wamekuwa wakiifundisha miaka yote: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya mahali ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale usiku mmoja zaidi. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Kutoka kitanda chako cha Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hadi Old Moses ni 1,600. Hakuna shahada inayohitajika kuona tatizo liko wapi. Tazama pia kwamba kanuni haisemi utembee mita ngapi mchana. Inazungumzia kulala. Unaweza kupanda juu mchana ukashuka kulala chini, na kwa kweli mwili hupenda hivyo.

Watu hudhani juu oksijeni imeisha. Haijaisha, sehemu yake katika hewa ni ileile asilimia 21 tunayovuta Donholm. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, na kwa hiyo pale Lenana kila pumzi inakupa zaidi kidogo ya nusu ya kile ambacho ingekupa ukiwa umekaa ufukweni. Mwili unajua la kufanya: unapumua haraka zaidi, unakojoa sana, damu inajirekebisha. Ila kazi hiyo huchukua siku, wala haiharakishwi na mazoezi. Kijana wa jimu na mama wa miaka 55 wanaanza wakiwa sawa, na mara nyingi kijana ndiye huumia kwa sababu ana nguvu za kwenda mbio.

Nilikiona hicho kwa karibu. Tulifika Shipton's alasiri, pimbi wakaanza kukagua mifuko yetu kabla hatujavua viatu. Mpishi wetu, mzee wa Nanyuki mwenye kofia ya sufu iliyofunika nyusi, alitoa githeri aliyokuwa ameichemsha nyumbani kwake. Mmoja wetu akamwuliza kwa nini asibebe mahindi na maharagwe makavu apunguze uzito. Mzee akacheka. Kwa urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Utaona sufuria inatokota mpaka mafuta ya jiko yaishe na maharagwe hayajaiva. Hilo alilijua bila kipimajoto.

Wakati wa kula, kijana mmoja wa kikundi chetu, mhasibu aliyekuwa mbele ya kila mtu tangu asubuhi, alisukuma sahani yake kando. Akasema ni uchovu. Nilipomwuliza kuhusu kichwa alisema kinauma kidogo na ameshameza dawa. Saa saba na nusu usiku tulipoamshwa, nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kiatu mkononi, akikigeuza huku na huku. Kamba zilikuwa zimemshinda. Nilimtoa nje, nikachora mstari chini kwa fimbo, nikamulika tochi na kumwomba aufuate, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu aliyumba, ya nne akanishika bega.

Mtu asiyekunywa pombe akiyumba hivyo kwenye mita 4,200, ubongo wake unaanza kuvimba. Mwandalizi wetu alisema tumpe chai ya tangawizi na saa moja ya kupumzika, maana kikundi kilikuwa kimelipia kilele na jua halingemsubiri mtu. Mwongozaji, ambaye naye ni mtu wa Nanyuki, hakubishana naye. Alimvua kijana mkoba, akampa mpagazi, akafunga zipu ya koti lake na kusema, "Huyu nashuka naye sasa hivi. Nyinyi mtaenda na mwenzangu." Wakaondoka gizani. Tulipowakuta Old Moses baadaye mchana, mhasibu alikuwa anakula mayai na kunung'unika kwamba amekosa picha.

Dawa ya ugonjwa huo ni kushuka. Wanaopanda Januari nawaomba wakumbuke hivi: kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi maana yake usipande zaidi mpaka vikuishe; kuyumba, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu maana yake ushuke, hata kama ni usiku na hata kama umebakiza saa moja kufika. Vidonge vya kutuliza maumivu huficha dalili. Vile vya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, lakini uliza daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru, na usidhani vinakununulia ruhusa ya kukimbia. Na tafadhali, watu wa Nyahururu na Limuru, kuzaliwa kwenye baridi hakukupi kinga ya mita 4,200. Kunakupa sweta nzuri tu.

Rekebisho ni dogo. Mkilala Old Moses usiku wa pili baada ya kutembea juu mchana na kurudi, safari inakuwa nyingine kabisa. Ama pandeni kwa Chogoria, ambako usiku wa kwanza mnalala karibu na lango kwenye mita 2,950 hivi, wa pili Ziwa Ellis kwenye kama mita 3,500, kisha ndiyo mnasogea juu. Tena njia hiyo inawapitisha juu ya Bonde la Gorges na Ziwa Michaelson, na asiyeyaona hayo amepanda mlima nusu. Kuna usiku mmoja zaidi wa kulipia wapagazi, mpishi na hifadhi. Mwandalizi atasema wateja hawatakubali, na mteja atasema bosi wake amempa ruhusa hadi tarehe fulani. Basi toeni usiku mmoja wa hoteli ya Diani muupeleke mlimani. Nasema hivi mimi ninayependa pwani kuliko mlima.

Sasa pwani, ambako nina habari ya kinyume.

Treni ilitutoa Syokimau na kutufikisha Miritini tukiwa na mafua ya baridi, midomo imepasuka, magoti yakilalamika kwenye kila ngazi. Siku hizi ukitaka kwenda kusini hulazimiki kupanga foleni ya feri Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inakuzungusha hadi ng'ambo. Diani tulikuta bahari imetulia, maana ulikuwa msimu wa kaskazi. Baadhi yetu walikuwa wamelipia kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, jambo ambalo miaka michache iliyopita sikuwahi kusikia likitajwa kwenye chama cha wanawake wa Umoja.

Kijana aliyetupokea pale penye mitungi, mzaliwa wa Msambweni, hakuanza na mitungi. Alianza na karatasi. Una pumu? Una mafua? Masikio yameziba? Wawili aliwakataa hapohapo, kwa sababu walikuwa na mafua ya mlimani, na mtu ambaye pua na masikio yake yameziba hawezi kusawazisha shinikizo akishuka majini. Ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Walinuna, lakini mimi nilitaka kumpigia makofi. Kisha akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mkubwa kwa umri.

"Dada, mnarudi Nairobi lini?"

"Kesho usiku. Treni ya saa nne."

"Basi mitungi ni leo tu. Kesho mtatumia miwani na mrija, mbaki juu ya maji."

Mwandalizi akaruka. Ratiba ilikuwa na mbizi mbili leo na mbili kesho asubuhi, na zote zilikuwa zimelipiwa. Tena, akasema, kanuni hiyo ni ya wanaopanda ndege na sisi tunapanda treni. Kijana wa Msambweni akamjibu kwa upole wa watu wa huko, ule unaokuacha bila la kusema: "Kaka, Nairobi yenyewe ni ndege."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila nikilipima nalikuta sahihi. Ukipumua hewa ya mtungi ukiwa chini ya maji, shinikizo linasukuma naitrojeni nyingi ndani ya damu na misuli kuliko kawaida. Ukirudi juu inatoka polepole kupitia mapafu, na huchukua saa nyingi kuisha. Ukipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inaweza kutengeneza viputo mwilini: maungio yanauma, ngozi inawasha, mikono inakufa ganzi, na ikizidi mtu hupooza. Shirika la kimataifa la usalama wa wapiga mbizi, Divers Alert Network, linashauri kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 ukiwa umepiga mbizi kadhaa au siku mfululizo, kabla ya kwenda kwenye mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi. Ndani ya ndege ya abiria hewa huwekwa kana kwamba uko kati ya mita 1,800 na 2,400. Nairobi ni 1,700. Tofauti ni ndogo mno kumfariji muuguzi.

Tena treni haikungoji ufike Nairobi ndipo ikupandishe. Voi tu uko karibu na mita 600, na kutoka hapo reli inazidi kupanda usiku kucha. Ungetoka majini saa sita mchana, ukala, ukaoga, ukafika Miritini na kuondoka saa nne usiku, ungepita Voi saa 12 hivi baada ya mbizi yako ya nne ndani ya siku mbili. Waendao kwa gari na kulala Wundanyi kwenye milima ya Taita wajihesabie vilevile. Wanaofunga safari kinyume, pwani kwanza na mlima baadaye, wajihesabie mara mbili. Wanaoogelea juu ya maji kwa miwani na mrija hawana haja ya hesabu hii hata kidogo, maana hewa wanayovuta ni ya kawaida.

Linganisha watu hao wawili, Mhariri. Yule wa bahari aliuliza tunaondoka lini kabla hajagusa mtungi, na alikuwa tayari kupoteza pesa ya siku ya pili. Kule mlimani, tangu siku ya kulipa mpaka tulipofika langoni, hakuna aliyetuuliza jana tumelala wapi. Mwongozaji alijua kazi yake vizuri, lakini ratiba alipewa ikiwa imeshaandikwa Nairobi, na mtu aliyeiandika alikuwa akitazama kalenda ya likizo. Mtu wa Nanyuki analetewa kikundi ambacho kimeshachelewa.

Mtu ataniuliza siku ile ya mwisho bila mitungi tulifanya nini, tulikaa chumbani? Hata. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Tulishuka hadi Shimoni, tukaingia kwenye mapango ambamo watumwa walifungiwa, kisha tukavuka kwa mashua hadi Wasini. Kuna njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kisiwa hicho, inapita juu ya mikoko na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Maji yakijaa yanapita chini ya miguu yako. Tulikula kaa na wali wa nazi mpaka mwandalizi akasahau hasira. Wengine walibaki Diani wakaenda Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ambao ni mmoja wa makaya, yaani misitu mitakatifu, ya Mijikenda yaliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ukifika unafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na mzee anayekuongoza atakuambia mti upi unatibu nini. Anayetaka mji ana Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na vichochoro vya Mji wa Kale nyuma yake. Siku kavu ya namna hiyo ingewekwa mwisho wa kila ratiba, ingeuzika yenyewe.

Nikiwa bado pwani, niseme mawili ambayo waandalizi wa bara hawayajui na kila mtoto wa Diani anayajua. La kwanza ni maji. Yakipwa, unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani, na watu wa Nairobi hufanya hivyo wakiwa na simu mkononi na viatu begani. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hapo hupita mita tatu, na yakianza kurudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Mwulize mvuvi saa ya kurudi kabla hujaanza kutembea. La pili ni msimu. Januari na Februari mlima ni mkavu na bahari iko kwenye kaskazi, kwa hiyo safari ya kuunganisha vyote viwili inafaa. Agosti mlima ni mzuri lakini kusi inavuma, maji yamechafuka na ufuo wa Diani umejaa mwani. Pasaka, ambayo vikundi vingi huipenda kwa sababu ya siku nne za mapumziko, mara nyingi huangukia kwenye masika. Utanyeshewa mlimani na utanyeshewa pwani, na bei ni ya juu kotekote.

Liko jambo jingine linalotufikia sisi wa vituo vya afya safari ikishasahaulika. Mtu wa Nairobi akirudi kutoka pwani, akakaa wiki moja au mbili, kisha akashikwa na homa, maumivu ya mwili na baridi, anakuja kutuambia ni mafua au uchovu. Wengine hununua dawa ya mafua dukani na kulala nayo siku tatu. Pwani kuna malaria, na sisi wa jijini wengi hatuna kinga yake. Inachukua siku saba au zaidi kujitokeza baada ya kuumwa na mbu. Ukija kliniki sema waziwazi ulikuwa wapi na lini. Kipimo ni tone moja la damu na majibu ni ya dakika chache. Na kabla ya kwenda, uliza kuhusu dawa ya kinga, kisha ulale ndani ya chandarua hata kama chumba kina feni.

Ombi langu kwa waandalizi ni mistari miwili tu kwenye kila tangazo, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani: mita za kila kitanda kwa mpangilio wa siku, na saa zilizopo kati ya mbizi ya mwisho na kuondoka pwani. Hakuna gharama yoyote katika kuyaandika hayo. Mteja akiona 1,700, 3,300, 4,200 kando ya tangazo la mwenzenu lenye 1,700, 3,300, 3,300, 4,200, ataelewa kwa nini la pili lina bei kubwa zaidi, na mwenye kuandaa vizuri hatakuwa tena anashindwa sokoni na mwenye kukimbiza watu. Pia iandikwe kwamba neno la mwongozaji kuhusu kushuka ndilo la mwisho, na kwamba anayeshushwa hadai kurudishiwa pesa. Hilo la pesa litawaudhi wateja, lakini afadhali waudhike kabla ya kulipa kuliko kubishana kule juu.

Kwa waajiri, wafanyakazi wakiomba Jumanne moja zaidi baada ya mlima na pwani, wapeni. Mtu aliyeshuka treni saa kumi alfajiri na kuingia ofisini saa mbili hafanyi kazi siku hiyo. Nyinyi wenyewe mnamwona.

Na kwako Mhariri: gazeti lako huchapisha matangazo ya safari hizi, mengine ya nusu ukurasa. Dawati lenu la matangazo linaweza kuwarudishia wenyewe tangazo lisilo na mistari hiyo miwili kabla ya kupokea malipo yao. Toleo la kwanza la Januari lingekuwa wakati mzuri wa kuanza.

Muuguzi na mpanda milima,
Eastlands, Nairobi